Mto Ulihama, Kata Ikafutwa

Kwenye karatasi za serikali kata yetu haipo. Ukimuuliza kijana wa ofisini leo atakufungulia jalada, atapitisha kidole, atakwambia, "Mzee, hicho ni kijiji tu, kipo chini ya kata ya ng'ambo." Kipo chini. Mimi nimezaliwa mahali pale kabla hapajaitwa kata, miti ya ofisi yake nimeikata kwa panga langu, na nimeiona ikifutwa nikiwa na akili zangu timamu. Kwa hiyo naandika mimi. Wenye vyeti wamenyamaza vya kutosha.

Elimu yangu ni darasa la nne, sifichi. Kazi nilianzia ndani ya tope la mikoko, tope la mapajani, nakata boriti na kuziuza kwa korija. Korija moja ni miti ishirini, na ukipungua mti mmoja tajiri wa Nyamisati anakurudisha ulikotoka. Biashara ilipofunguliwa, ule wakati watu walipoachiwa kununua na kuuza bila kupitia ushirika, wenzangu walikaa vibarazani wakisema nchi imeharibika. Mimi sikukaa. Upande wetu wote wa delta mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufunga mashine kwenye boti. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuwanunua kamba kwa wavuvi na kuwafikisha kwenye barafu wakiwa bado wanarusha mikia. Nyumba ya kwanza ya bati kijijini ni yangu, na mvua ikinyesha walionicheka walikuwa wanakuja kusimama chini ya bati hilo. Niliwakaribisha. Wakati huo sikuwa mtu wa kinyongo.

Kata yetu ilizaliwa baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Kabla ya hapo tuliishi tumetawanyika kando ya mto, kila ukoo na mashamba yake. Ikaja serikali na maboti, ikatukusanya kwenye mwinuko mmoja wa mchanga, ikasema hapa ndipo kijijini, kisha ikachukua vijiji vitatu vya namna hiyo ikavifunga pamoja na kuviita kata. Mpaka wake uliandikwa kwa maneno machache, na mimi nayajua kwa kichwa kwa sababu ndiyo yaliyotumaliza: upande wa kusini kata inaishia mtoni. Basi. Hawakuandika kwenye mti gani, kwenye jiwe gani, wala kwenye kaburi la nani.

Diwani wetu wa kwanza alikuwa hajui kusoma kabisa, lakini akisimama kwenye baraza la madiwani hakuna aliyethubutu kupiga miayo. Safari yake ya kwenda kikaoni ilikuwa siku mbili, kwa mtumbwi, kisha kwa miguu, kisha kwa lori la magunia. Alituletea kisima na shule ya madarasa mawili. Wa pili alihudhuria vikao vyote, hakusema neno, na kila akirudi alikuwa na kofia mpya. Wa tatu alihamia Dar es Salaam akawa anatuwakilisha kutokea huko. Nasema ukweli, hatukuwa na bahati sana na madiwani. Lakini hata yule wa kofia, ukikasirika ulikuwa unamfuata nyumbani kwake, unakaa kwenye mkeka wake, unamwambia yaliyo moyoni, na mkewe anakuletea maji ya kunywa. Mlango wake ulikuwa unaujua. Leo diwani wangu sijui hata mlango wake unaelekea wapi.

Halafu mto ukahama. Watu wa barabarani, wa Kibiti na Nyamwage, wakinisikia nasema hivi hudhani natia chumvi. Mto wetu unahama kweli. Mwaka mmoja wa mafuriko maji yalikata njia mpya, yakapita katikati, baina ya nyumba zetu na mashamba yetu ya mpunga. Ule mkondo wa zamani, wa kusini, ukajaa mchanga kidogo kidogo, na baada ya miaka michache wake zetu wakawa wanapanda mpunga ndani yake. Nyumba zikawa ukingo huu, mpunga ukingo ule. Kwetu sisi hilo halikuwa jambo la kumwita mtu. Mashamba ni yetu, makaburi ya babu zetu yapo kule kule, mto umepita katikati kama mgeni asiyebisha hodi. Tukaongeza mitumbwi, tukaendelea na maisha.

Na tuna desturi yetu. Mpunga ukianza kutoa masuke hatukai kijijini. Tunahamia shambani familia nzima, na kuku na vyungu na misahafu, tunalala kwenye dungu, kibanda kilichonyanyuliwa juu ya miti, maji hayakifikii na kiboko hasumbui. Kutwa tunaamia ndege, wasipofukuzwa wanamaliza shamba. Kijijini anabaki imamu, wagonjwa na mbuzi. Katika miezi hiyo ukimuuliza mtu wa kwetu, "Unaishi wapi?" atakujibu, "Naishi shambani," na hajakudanganya.

Vyama vingi vikaingia, uchaguzi ukakaribia, na maneno yakaja kutoka wilayani kwamba kata zenye watu wachache zitaunganishwa na jirani zao. Daftari la wapiga kura ndilo litakaloamua. Jirani yetu ilikuwa kata ya ng'ambo, na diwani wake alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi hata siku za tope. Alikuwa anataka kata zote mbili ziwe moja na yeye awe juu yake. Na mimi nilikuwa nimeshatangaza kwamba nitagombea udiwani wa kwetu. Tulikutana gatini, mimi nikipakua kamba, yeye akisubiri mtumbwi.

"Bwana Boriti," akasema, maana ndivyo alivyozoea kuniita, "nasikia unautaka udiwani."

"Umesikia sawa, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa kule kikaoni kuna makabrasha, kila mtu anapewa lake, makubwa hivi. Utayafanyaje? Utayahesabu kwa korija?"

Wapakuaji wakacheka. Walikuwa watu wangu, kazi niliwapa mimi, na wakacheka.

"Nitayasoma," nikamwambia.

"Haya. Kata yenyewe ikiwepo." Akapanda mtumbwi wake, akakaa wima, akaenda zake.

Kile kicheko kilinikaa. Naandika hivi kwa sababu bila kicheko kile huenda tungekuwa na kata mpaka leo.

Karani wa kuandikisha aliletwa katikati ya mavuno. Hebu fikiria akili ya mtu aliyepanga ratiba hiyo, amekaa chini ya feni, hajawahi kuona dungu, anachagua wiki ambayo kijiji kizima kipo shambani. Karani mwenyewe alikuwa kijana mpole, anafundisha shule moja upande wa barabara. Aliweka meza mbele ya ofisi ya kata, akatandika daftari lake, akasubiri. Siku ya pili nilimkuta anapepea nzi.

"Mpaka sasa umepata wangapi?"

"Imamu," akasema, "na wagonjwa. Mzee, kijiji hiki kina watu kweli?"

"Kina watu mpaka kalamu itachoka. Wapo mpungani. Wafuate."

Akatazama maji. "Kuogelea sijui."

"Wewe utakaa katikati ya boti, daftari umelikumbatia. Daftari likizama ndiyo hasara, walimu wapo wengi."

Akacheka kicheko cha mtu asiye na njia nyingine, tukaenda. Siku tatu nilimzungusha kwa mafuta yangu na mashine yangu, dungu kwa dungu, mashamba ya vijiji vyote vitatu. Niliacha kamba wa watu wakiharibika kwenye vikapu, wallahi, kwa ajili ya kata. Kijana alijifunza kupanda ngazi ya fito. Akina mama walimpa pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, akawa anaandika huku anatafuna. Watu wakaandikishwa wote, mpaka wazee waliokuwa hawajawahi kuandikwa na serikali yoyote isipokuwa ya kodi. Kila mmoja akapewa shahada yake ya kupigia kura. Mimi nilikaa mbele ya boti nikiwaza jinsi mwalimu atakavyokunja uso akiliona daftari lile.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza. Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke mfupi asiyeshuka kwenye dungu lake hata kwa mgeni. Aliishika shahada, akaigeuza mbele na nyuma kama anakagua samaki.

"Mwanangu karani, hii ni ya kata yetu?"

"Ni ya hapa, bibi."

"Hapa wapi?"

"Hapa mnapoishi."

Shangazi akaniangalia mimi, si karani. "Baba, hapa ni wapi?" akaniuliza.

"Shangazi, mwache mtu afanye kazi yake. Ndege wanakula mpunga wako."

Akachukua teo lake la kurushia mawe akarudi kwa ndege.

Siku ya mwisho karani alitoa fomu. Alisema inatakiwa mtu mmoja anayeheshimika athibitishe kwamba walioandikishwa ni wakazi wa mahali hapo. Anayeheshimika ni nani kama si mimi? Fomu ilikuwa imepigwa chapa, herufi ndogo, nakala ya kaboni iliyofifia, na mahali pa kujaza palijazwa mwandiko wake wa haraka. Akasema, "Soma kwanza, mzee, ndipo utie saini." Watu walikuwa wamejaa kwenye ngazi za madungu wananitazama. Nikaishika fomu kwa mikono miwili. Nikapitisha macho kutoka juu mpaka chini, polepole, mahali pengine nikatikisa kichwa kama niliyekubaliana na jambo. Nikatia saini, jina langu lote, herufi kubwa, zikapita mstari.

Barua ilikuja kabla mpunga haujamalizwa kupurwa. Kata yetu ina watu wachache mno, ilisema. Kata ya ng'ambo imeongezeka watu kwa wingi. Kwa hiyo ya kwetu inafutwa, vijiji vyake vinaingia ng'ambo, na mwenye malalamiko afike makao ya wilaya siku fulani. Nilimwomba imamu anisomee mara mbili. Nilidhani amekosea. Nilikwenda nikiwa nimevaa kanzu na koti, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, na nyuma yake bwana mkubwa wa wilaya aliyeshughulikia mambo ya uchaguzi. Ukutani ilitundikwa ramani. Madiwani walikaa pembeni kusikiliza, na mwalimu wa ng'ambo alikuwa miongoni mwao, shati limenyooka. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ramani, nikaweka kidole. Kusoma ni shida yangu, lakini mto wetu naujua hata ukichorwa na kipofu.

"Bwana mkubwa," nikasema, "ramani yako inachora mto huku, kusini. Mashamba yetu yapo huku, kaskazini yake. Kwa ramani yako mwenyewe mashamba ni ya kata yetu, na watu walioandikishwa mashambani ni wa kata yetu."

"Ramani hiyo ni ya zamani."

"Na mpaka ni wa zamani."

"Mpaka ni mto. Mto leo upo wapi?"

"Umehama."

"Basi na mpaka umehama."

"Mpaka unahamaje watu hawajaulizwa? Mkituhamisha sisi mnakuja na askari na maboti na tangazo. Mto unahamisha mpaka na nyinyi mnaupigia muhuri tu? Wale watu nyumba zao zipo upande huu. Kule wanaamia ndege. Msikiti wao upo huku. Ukitaka tukahesabu milango, boti ninayo, mafuta yangu, twende sasa hivi."

Madiwani wawili watatu wakaguna, guno la kunikubali. Nililisikia. Nilikuwa nashinda, na niliwahi kuona watu wakishindwa vya kutosha kujua namna inavyokuwa mtu akishinda. Yule bwana mkubwa hakubisha. Alifungua jalada, akatoa karatasi, akaisukuma juu ya meza.

"Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Isome. Kwa sauti, baraza lisikie."

Nilisoma. Nilisoma kwa kidole, neno baada ya neno, jasho linanitoka ndani ya koti. Mimi fulani, mwenyeji ninayeheshimika, nathibitisha kwamba watu wote waliotajwa humu ni wakazi wa. Hapo nikakwama. Neno lenyewe lilifutikafutika kwa ile kaboni, nikalijaribu mara moja, nikalijaribu tena.

"Kudumu," mwalimu akasema kutoka pembeni. Hakusema kwa dharau. Alisema taratibu, kama anavyomsaidia mtoto wa darasa la pili. "Wakazi wa kudumu. Endelea."

Nikaendelea. Wakazi wa kudumu wa kata ya ng'ambo. Na chini yake jina langu lote, herufi kubwa.

Karani hakutuhadaa, hilo nimelifikiri sana. Kijana aliuliza watu wanaishi wapi, wakamwambia hapa. Akautazama mto, akaangalia maagizo yake kwamba mto ndio mpaka, akaandika jina la kata iliyo upande ule. Alifanya kazi kama alivyofundishwa. Nimekasirika naye hata hivyo. Nimemkasirikia bwana mkubwa aliyejua fika kwamba mimi nasoma kwa shida na akataka nisome. Nimeikasirikia ile ramani iliyokuwa sahihi mpaka nilipoinyooshea kidole. Mwalimu ndiye nimemkasirikia kuliko wote, kwa neno moja alilonisaidia. Angenitukana ningekuwa na la kumjibu.

Ijumaa baada ya swala niliwakusanya watu kwenye baraza ya msikiti. Nikawaeleza habari ya mto na mpaka, ya ramani, na ya kiburi cha wakubwa. Nilieleza vizuri, mimi kusema nimejaliwa. Wakapanda moto. Mmoja akasema tuzichome shahada zote. Mwingine akasema karani akirudi atajifunza kuogelea. Hata imamu alicheka. Nilikuwa nimewapa mtu wa kumchukia na walikuwa radhi kumchukia pamoja na mimi mpaka jua lizame.

Shangazi alikuwa amevuka kuja kusikiliza, amekaa upande wa wanawake, kanga imeloa chini. Akasimama.

"Baba, nina swali."

"Sema, shangazi."

"Ile karatasi ya karani. Uliisoma?"

"Niliisaini mbele yenu wote."

"Kusaini tuliona. Nauliza uliisoma?"

Ningeweza kumdanganya. Waliokuwa kwenye kile chumba cha wilaya hakuna hata mmoja aliyekuwa wa kwetu, na hilo nalo ndilo hasa tulilokuwa tumenyang'anywa.

"Sikuisoma, shangazi."

"Kwa nini hukumwambia karani akusomee? Mimi ananisomea mjukuu, na sifi."

"Watu walikuwa wananitazama."

Akakamua pindo la kanga yake. "Nilikuuliza hapa ni wapi," akasema. "Ukaniambia ndege." Kisha akageukia wanawake wenzake. "Tuondokeni, maji yanapwa, mitumbwi itakaa kwenye tope." Wakaondoka. Wanaume nao wakatafuta viatu vyao mmoja mmoja. Hakuna aliyenisema vibaya, siku ile wala baadaye. Kamba waliendelea kuniuzia.

Fomu za kugombea ng'ambo zilikuwa zimeshafungwa, kwa hiyo mimi niliyetangaza udiwani kila gati sikugombea popote. Siku ya kupiga kura niliwavusha watu wote bure, tangu alfajiri, safari baada ya safari, maana kituo kilikuwa ng'ambo, jirani na nyumba ya mwalimu. Zahanati nayo imejengwa huko baadaye, na mpaka leo mwanamke wa kwetu akishikwa na uchungu anavushwa maji. Hilo wakilisoma watu wa wilayani na walisome wakiwa wanakula.

Zamu yangu ilifika karibu na kufunga. Nikapewa karatasi, nikaingia nyuma ya pazia la kanga lililofungwa kwenye kona. Nilikaa humo mpaka msimamizi akaita, "Mzee, salama?" Nikamwambia asubiri. Nilikuwa nasoma. Nilisoma kila jina kwa kidole, na maelezo ya namna ya kuweka alama, na yale maandishi madogo ya chini kabisa ambayo hakuna anayeyasoma. Nilirudi juu nikaanza upya. Hakuna hata jina moja la mtu wa kwetu.